Bioanuwai na Majina Yaliyoitangulia

Lihesabu neno hili kwa vidole kama ahesabuvyo mtunzi: bi-o-a-nu-wa-i. Ni mizani sita. Mwenye kutunga shairi la mizani nane kwa nane akiliweka katika ukwapi, amekwisha kutumia sita, na mbili zilizobaki hazitoshi ila kwa neno kama "yetu" au "hii". Andika "bioanuwai yetu" na kipande kimejaa, ilhali hakijatajwa kiumbe hata kimoja. Katika nafasi ileile pangeweza kuota miti miwili: "mkandaa, mlilana". M-ka-nda-a, m-li-la-na; nane kamili.

Sisemi kwamba neno refu ni neno baya. Tunayo marefu zaidi, na tumeyatungia mashairi. Lakini hesabu hiyo ndogo ilinizindua kuhusu jambo nililokuwa nikilitenda kwa miaka bila kulitambua, nami nitalikiri mahali pake. Kwanza tulitazame neno lenyewe: lilizaliwa wapi, lilifikaje kwetu, na linafanya kazi gani katika maandishi ya kila siku, yaani magazetini, katika taarifa za miradi, vitabuni mwa shule na kwenye mabango ya kando ya njia.

Sura yake bado haijatulia. Wako waandikao bioanuwai, wako wa bayoanuwai, wako wa baioanuwai, na kila moja lina pacha wake asiye na w. Wengine huona heri kusema "uanuwai wa viumbe" au "anuwai ya viumbe hai". Nimewahi kukuta tahajia mbili katika ukurasa mmoja, na sikushangaa. Tahajia hutulia zenyewe, wakati mwingine baada ya miaka hamsini, na si hizo zinazonishughulisha. Kinachonishughulisha ni kivumishi kinachofuata.

Je, husemwa "bioanuwai nyingi" au "bioanuwai kubwa"? Mara nyingi nisomapo naikuta "nyingi". Hapo ndipo penye siri ya mwandishi. Anuwai ni hali ya vitu kutofautiana, na tofauti huwa kubwa au ndogo. Vitu vyenyewe ndivyo vilivyo vingi au vichache. Aandikaye "nyingi" ana picha ya ghala: humo mna twiga, mna kasa, mna mipingo, na ghala likijaa bioanuwai imejaa. Vitenzi navyo hufuata picha hiyo. Tunasoma kwamba watalii huja kuona bioanuwai, kwamba moto umeua bioanuwai, kwamba wanakijiji wanavuna bioanuwai bila kibali. Mtu haoni tofauti akaipiga picha, huona pundamilia.

Utasema huko ni kuchambua mno. Basi fikiri shamba la mikaratusi elfu kumi iliyopandwa kwa kamba. Lina miti mingi na bioanuwai ndogo. Konde la bibi lenye muhogo, kunde, mbaazi, migomba ya aina tatu na mwembe mmoja wa dodo lina mimea michache na bioanuwai inayolishinda shamba lile kwa mbali. Mwandishi aliyezoea "bioanuwai nyingi" hana njia ya kuisema tofauti hiyo. Akipanda miche elfu kumi ya aina moja, ataandika kwamba ameongeza bioanuwai, na hakuna mhariri atakayemzuia.

Neno la Kiingereza lina umri mdogo kuliko wengi wetu tunaolifasiri. Istilahi ndefu, ile isemayo "uanuwai wa kibiolojia", ilikuwapo kabla: Raymond Dasmann aliitumia katika kitabu chake cha 1968, na Thomas Lovejoy akaitumia tena 1980. Ufupisho wake ulizuliwa na Walter G. Rosen alipokuwa akiandaa mkutano uliofanyika Washington mwezi Septemba 1986. Rosen alisimulia baadaye, kwa mzaha, kwamba kazi ilikuwa nyepesi: alilichukua neno "biological" akalitoa "logical". Yaani aliliondolea mantiki likabaki na uhai. Edward O. Wilson, bingwa wa elimu ya sisimizi, ndiye aliyehariri kitabu cha mkutano huo kilichotoka 1988, na mwanzoni hakulipenda neno hilo. Aliliona halina hadhi. Lakini waandaaji walitaka neno la kuwagutusha wanasiasa na waandishi wa habari, nao walilipata. Tulikumbuke hilo tunapolilaumu kwamba linapaa juu ya vitu vyenyewe. Halikutoka maabara. Lilizaliwa likiwa bango, na bango husomwa kwa mbali.

Miaka sita baadaye lilifika Afrika Mashariki, tena kwa mlango mkubwa. Tarehe 22 Mei 1992, jijini Nairobi, wajumbe wa mataifa waliikubali matini ya Mkataba wa Uanuwai wa Kibiolojia. Ulifunguliwa kutiwa saini Rio de Janeiro tarehe 5 Juni mwaka huohuo, ukaanza kutumika tarehe 29 Desemba 1993. Kenya iliuridhia 1994 na Tanzania 1996. Siku ya kimataifa ya bioanuwai huadhimishwa kila tarehe 22 Mei kwa sababu hiyo: ni siku ya Nairobi. Walakini matini rasmi za mkataba ni za lugha sita: Kiarabu, Kichina, Kifaransa, Kihispania, Kiingereza na Kirusi. Kiswahili, lugha ya masoko na matatu za mji uleule, hakikuwa mezani. Kilikuja kuitwa baadaye, kama jirani aitwaye kuosha vyombo karamu ikiisha.

Ibara ya pili ya mkataba inaieleza bioanuwai kwa ngazi tatu: tofauti ndani ya spishi moja, tofauti baina ya spishi na spishi, na tofauti ya mifumo ya ikolojia. Maandishi yetu ya kila siku yameibakiza ngazi ya kati tu, na aghalabu nusu yake, ile ya wanyama wakubwa. Ngazi ya kwanza imeachwa ilhali ndiyo iliyo karibu na midomo yetu. Dodo, boribo, ngowe, sindano: yote ni maembe, ya mti wa spishi moja, na muuza matunda anayekataa kukuuzia boribo kwa bei ya dodo anaijua ngazi hiyo pasipo kusoma ibara yoyote.

Wafasiri walipoketi kulitafutia neno hilo vazi la Kiswahili walichagua vyema. Anuwai ni wingi wa Kiarabu: nau ni aina, anwaa ni aina mbalimbali. Lilipoingia kwetu liliiacha pwani ya pili ile herufi ya ain iliyolimalizia, likajipatia irabu zake, na likasahau kwamba lilikuwa wingi. Tukalifanya kivumishi kisichobadilika: vitabu anuwai, bidhaa anuwai, mawazo anuwai. Waarabu wa leo, wakiwamo ndugu zetu wa Oman na Ghuba, nao walipohitaji neno la jambo hilihili walirudi katika mzizi uleule, wakasema tanawwu, na kuongeza sifa ya uhai. Hivyo Muscat na Mombasa zimekutana tena katika mzizi mmoja bila kupelekeana barua. Sehemu ya mbele, bio, ni ya Kiyunani iliyopitia Kiingereza. Wapo wanaouona uchotara huu kuwa aibu. Mimi siuoni. Lugha iliyopokea meza kwa Wareno na shule kwa Wajerumani, ikazipa ngeli na kuziweka nyumbani, haina sababu ya kuinamisha kichwa. (Wanaoukwepa uchotara huo kwa kuandika "anuwai ya viumbe" wana faida moja ya siri: ni mizani nane.)

Lakini kuna jambo lililotendeka katika mabadiliko hayo ambalo sijaona likisemwa. Anuwai, likiwa kivumishi, halikuweza kusimama peke yake. Lilimlazimisha mwandishi ataje kwanza kitu: miti anuwai, samaki anuwai, ndege anuwai. Lilikuwa kama mtumishi afuataye bwana wake njiani. Ukimwona mtumishi, umekwisha kumwona bwana. Katika bioanuwai mtumishi amevikwa kilemba. Sasa ni nomino, ana ngeli yake, anatembea peke yake, na hamhitaji tena mti, samaki wala ndege wa kumtangulia. Mwandishi amesamehewa kutaja.

Kabla ya msamaha huo watu waliandika vipi? Mwezi Septemba 1961, miezi mitatu kabla ya uhuru wa Tanganyika, Julius Nyerere alitoa huko Arusha tamko la kuhifadhi wanyamapori. (Lisichanganywe na Azimio la Arusha la 1967, kosa ninalolikuta hata kwa waandishi makini.) Tamko lile lilizungumzia wanyama wa porini na mahali wanapoishi, na ahadi ya kuwatunza kwa ajili ya watoto na wajukuu. Neno bioanuwai halikuwamo, maana halikuwapo duniani, na hoja haikupungukiwa kitu.

Rudi nyuma zaidi, na utakuta kazi ya aina nyingine. Huko Amani, katika Usambara Mashariki, Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti mwaka 1902, na baadaye kikawa cha Waingereza. Hapo ndipo mtaalamu wa mimea P. J. Greenway alipotayarisha kamusi ya majina ya mimea ya Kiswahili, ambayo toleo lake la pili lilitoka 1940. Katika miaka hiyohiyo, 1939, ilitoka kamusi ya Kiswahili na Kifaransa ya Padre Charles Sacleux, naye alikuwa mkusanyaji wa mimea kama alivyokuwa mkusanyaji wa maneno. Zote mbili zilikuwa kazi za zama za ukoloni, na nia za watawala katika kuhesabu mimea ya watu zinajulikana. Hata hivyo majina yaliyomo hayakutungwa ofisini. Yalitoka kwa wavunaji, waganga, maseremala na wachungaji. Kurasa zile ni bioanuwai iliyoandikwa kabla ya neno bioanuwai, jina baada ya jina.

Sasa niungame. Miaka kadhaa iliyopita nilipewa kazi ya kufasiri kipeperushi kuhusu mikoko, kitakachogawiwa katika vijiji vya pwani. Matini ya Kiingereza ilikuwa na orodha ya majina ya kisayansi, na mwandishi wake, Mungu amjalie, alikuwa amekwisha kuyaandikia pembeni majina ya Kiswahili kwa kalamu: mkoko, mchu, mlilana, muia, mkandaa, kikandaa, mkomafi, msikundazi. Kipeperushi kilikuwa na nafasi ndogo. Mimi niliyajumlisha yote. Niliandika "bioanuwai ya mikoko", nikajipongeza kwa ufupi wa sentensi.

Siku kilipogawiwa nilikuwapo. Mzee mmoja, fundi wa majahazi, alikisoma pole pole, akaweka kidole juu ya neno langu.

"Huu, mwanangu, ni mti gani?"

"Si mti mmoja, mzee. Ni yote pamoja."

"Yote pamoja. Haya. Basi nikatie mmoja nichongee mataruma."

Watu walicheka, nami nikacheka nao, ila usiku sikulala vizuri. Mataruma, mbavu za chombo, huchongwa kwa mlilana, mti usimamao mbele ya wenzake wote, pale maji ya bahari yanapoupiga kwanza. Mkandaa hautoi taruma. Hutoa nguzo za nyumba, na gome lake hutoa rangi. Mchu hutumbukiza mizizi topeni kisha huinua vijiti vyake juu kama penseli zilizochomekwa, ili upumue. Mkomafi una tunda kama mpira, na maganda yake ni dawa ya tumbo. Kila jina kati ya yale manane lilikuwa na mahali pake ufukweni na kazi yake mikononi mwa watu. Mimi nilikuwa nimempelekea yule mzee habari za jirani zake wa maisha bila kumtajia hata mmoja.

Lugha yenyewe, kwa kweli, ilinitangulia katika kosa hilo. Mkoko ni jina la mti mmoja, ule wenye mizizi ya kujiegemeza kama miguu ya buibui, na huohuo umewapa jina ndugu zake wote: tukisema mikoko twamaanisha msitu mzima. Kwa hiyo hata Kiswahili cha kale kilijua kujumlisha. Tofauti ni kwamba jumla yake ilikuwa na mizizi. Uliposikia mikoko uliona tope. Na tusiyatukuze majina ya kale kupita kiasi. Fito, pau, mazio, boriti, nguzo: haya nayo ni majina ya mikoko, yaliyopangwa kwa unene wa mti uliokwisha kukatwa. Boriti zilipakiwa majahazini kwa karne nyingi kwenda Uarabuni na Ghuba, ambako miti ya kujengea ni adimu, na upana wa vyumba vya nyumba za mawe, huko na huku kwetu, ulipimwa kwa urefu wa boriti. Kenya ilipiga marufuku kuzisafirisha nje mwaka 1982. Msamiati mpana unaweza kuwa msamiati wa shoka.

Ningaliishia hapo, ningalisema tulitupe neno bioanuwai na kurudi kwa majina. Nilikuwa na rai hiyo kwa muda. Aliyeniondoa humo ni chura.

Katika bonde la Kihansi, kwenye milima ya Udzungwa, maporomoko ya mto yalikuwa yakirusha manyunyu mfululizo, na katika kipande cha ardhi cha hekta chache kilicholowa manyunyu hayo aliishi chura wa manjano asiyezidi urefu wa sentimita tatu. Wanasayansi walimgundua 1996. Hatagi mayai kama vyura tunaowajua. Huzaa watoto walio vyura tayari. Hajapatikana mahali pengine popote duniani. Wakati huohuo ulijengwa mradi wa umeme wa megawati 180, maji ya mto yakaelekezwa kwenye mitambo, na manyunyu yakakatika. Mwaka 2000 vyura 499 walisafirishwa kwenda Marekani wakatunzwe huko. Waliobaki bondeni waliwekewa mabomba ya kunyunyiza maji, lakini idadi yao ikaporomoka, na mwaka 2009 ikatangazwa kwamba wametoweka porini. Vyura mia moja wa uzao wa wale waliosafiri walirudishwa Dar es Salaam mwaka 2010, na kuanzia 2012 wakaanza kuachiwa bondeni kwao. Hapo ndipo mkoko ulipoalika maua katika magazeti na vijiwe vya kahawa: vyura wamepanda ndege, vyura wamerudi, kipi bora, vyura au umeme?

Angalia lugha yetu ilimpa nini chura huyu. Ilimpa neno moja: chura. Hatuna jina linalomtenga chura wa ngozi laini na chura wa ngozi kavu, sembuse mwenye kuzaa na mwenye kutaga. Watu waliozipa boriti majina kwa kipimo cha unene hawakuwa na haja ya kumtazama kiumbe asiyeliwa, asiyechongwa, asiyeganga. Majina yetu yalifuata mkono, na mkono haukufika Kihansi. Hata jina lililozoeleka, chura wa Kihansi, ni jina la mahali lililoazimwa kwa kiumbe. Na mtu alipouliza kwa nini chura ashindane na umeme, jina "chura" halikuweza kumjibu, kwa sababu chura wamejaa madimbwini kila masika. Jibu lilihitaji neno lisemalo kwamba huyu si mmoja wa wengi, kwamba akiondoka hupungua tofauti yenyewe na si idadi. Kazi hiyo ndiyo ya bioanuwai, na hapo sina neno la kale la kuweka badala yake.

Basi nimeacha kuligombeza. Nalikagua tu mahali lilipoketi. Likiwa juu ya kitu chenye jina, naliondoa na kuliweka jina. Likiwa juu ya vile ambavyo hatujavipa majina, naliacha, na naangalia kivumishi chake kisiwe "nyingi".

Kipeperushi kile kilichapishwa tena, na safari hii niliomba nafasi zaidi nikapewa mistari minne. Miti yote minane imo, kila mmoja na upande wake wa ufuko, kuanzia mlilana uliotangulia majini. Neno bioanuwai limebaki mara moja tu, katika sentensi inayozungumzia vijidudu vya ndani ya tope.